Mtaliano wa Guka

Enzi zetu, ukitaka kula kwa Guka, ilibidi kwanza uthibitishe kwamba wewe ni wewe. Ninyi mliokua mkiitwa Baby na Junior hamtanielewa, lakini wenzangu wa rika langu, mliolelewa kwenye mashamba ya kugawiwa kule juu ya Nakuru, upande wa Dundori, mtanisikia. Tulipanga foleni nje ya jiko na vikombe vyetu vya bati, kuanzia mkubwa hadi mdogo, makamasi na yote. Guka, yaani babu yetu mzaa baba, alisimama mbele yetu na kofia yake ya jeshi ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imebaki matundu tu, akaita kwa sauti: "Wairimu wa Mbugua!" Nami nilikakamaa, visigino pamoja, nikaitika: "Niko!" Hapo ndipo nilipewa kipande changu cha mkate. Ukinong'ona, unarudi mwisho wa foleni. Ukicheka, unaenda kwa mama yako kula sukuma wiki.

Tulidhani kila familia duniani inakula hivyo. Nilipoenda kulala kwa rafiki yangu mara ya kwanza na kuona watu wanakaa tu na kuanza kula bila kuitwa, niliwahurumia. Nilifikiri ni watu wasio na mpango.

Halafu huo mkate wenyewe, jamani. Guka alikuwa amejenga tanuri la mawe na udongo wa kichuguu nyuma ya zizi la ng'ombe, la mviringo, na kila Jumamosi aliliwasha kwa kuni za mibluu gamu mpaka boma zima likanuka moshi na hamira. Mkate ulitoka umeungua chini na mbichi katikati. Kila Jumamosi, bila kukosa, kwa miaka yote niliyomjua. Tuliula tukiwa tumeubana kwa mikono miwili, moto unatuchoma vidole, tukachovya kwenye chai ya maziwa mpaka majivu yakaelea juu. Hakuna aliyelalamika. Juzi nimemwona mjukuu wangu akikata kingo za mkate wa dukani, laini kama pamba, ati zinamkwaruza ulimi. Pole sana, shujaa.

Mwenye ufundi wa tanuri hakuwa Guka. Ufundi ulikuwa wa Mtaliano.

Habari zilikuwa hivi, na tulizisikia mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Wazungu walipogombana huko kwao, hawakuona haya kuja kutuazima sisi tuwasaidie kugombana. Guka alikuwa kijana, akachukuliwa, akapewa kaptura, bunduki na viatu, viatu vyake vya kwanza maishani. Hawakumpeleka mbali. Alipelekwa upande wa Gilgil kwenye kambi ya mateka, alinde Wataliano waliokamatwa Uhabeshi. Hebu fikirieni. Mtu ambaye siku zote alinunua chumvi kupitia dirisha la nyuma kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa wa wazungu, sasa anapewa bunduki amlinde mzungu asitoroke. Guka alisema siku ya kwanza alikuwa akimpigia mateka saluti.

Wataliano wenyewe hawakuwa na haraka ya kutoroka. Watorokee wapi? Ndani ya seng'enge kulikuwa na chakula, nje kulikuwa na fisi. Mmoja wao alikuwa mwashi na mwokaji, akajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, na zamu ya Guka ikifika, mkate wa moto ulipitishwa katikati ya waya. Guka naye alipitisha tumbaku. Wakawa marafiki hivyo, mmoja ndani, mmoja nje. Na huyo Mtaliano alimfundisha kuchanganya unga, kupima joto la tanuri kwa kiganja, na maneno kadhaa ya Kitaliano ambayo hakuna mtu Dundori aliyeweza kuyahakiki. Guka akijigonga kidole na nyundo, Kitaliano kilimtoka cha kutosha.

Tukishuka naye bondeni, kila kitu kilikuwa kimejengwa na Mtaliano wake. Barabara ya ukingoni kuelekea Mai Mahiu, Mtaliano wake. Kale kakanisa kadogo pale chini, Mtaliano wake. Daraja lolote lililosimama, Mtaliano wake. Mvua ikibomoa daraja, hilo lilikuwa la Waingereza.

Sisi wajukuu tulikuwa na mchezo wetu wa mateka. Watoto wengine walicheza kati na bano, sisi tulijifungia ndani ya kamba ya katani. Shida ilikuwa moja: kila mtu alitaka kuwa Mtaliano, kwa sababu Mtaliano anafinyanga mikate ya matope, anaimba, anajenga barabara. Askari anasimama tu juani. Basi walinzi walikuwa wale wadogo na waliochelewa kufika.

Sehemu ya pili ya hadithi Guka hakuisimulia. Tulipewa na Shosho, nyanya yetu, jikoni, tukimenya viazi.

Vita viliisha, serikali ikamshukuru Guka kwa blanketi moja. Miaka michache baadaye ikaja Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka waliodai ardhi, na serikali ile ile, isiyosahau watumishi wake, ikaja kumchukua usingizini na kumtia kambini. Safari hii alikuwa upande wa ndani. Kambi nyingine, seng'enge ni ile ile. Na langoni mwa kambi alisimama Homgadi, yaani mwenyeji aliyeshika rungu la mkoloni, na kofia yake, na Homgadi huyo alikuwa Gachanja wa Muiru, kijana wa kutoka mtaa wao, waliyechunga naye mbuzi toka wakiwa na suruali za kushikiliwa kwa mkono.

"Gachanja alijua jina la Guka wenu," Shosho alituambia. "Alijua jina la baba yake, Mbugua wa kwanza. Alijua hata majina ya mbuzi wetu. Lakini kila asubuhi alisimama pale akamwita namba."

"Namba gani?" nikauliza.

"Hiyo usiwahi kumuuliza."

Hatukumuuliza. Lakini kuanzia siku hiyo niliiona ile foleni yetu ya mkate kwa jicho jingine. Nilielewa kwa nini hatukuruhusiwa kuitana majina ya utani, na kwa nini boma letu lilizungukwa na ua wa kaiyaba wenye miiba, ilhali majirani wote walikuwa na waya. Seng'enge haikukanyaga kwa Guka hata ya kufungia kuku.

Sasa, Mungu naye ana utani wake. Uhuru ulipokuja na mashamba ya settler wa kizungu yakagawanywa kwa kura, watu wakitia mkono kwenye kofia na kutoa kikaratasi, Guka akapata shamba lake, akamshukuru Mungu kwa magoti, akaenda kuona jirani yake ni nani. Ni Gachanja. Ua kwa ua. Dunia nzima ya kugawia watu!

Utoto wangu wote sikuwahi kuwasikia wakisalimiana. Walienda kanisa moja, mmoja akakaa kushoto, mwingine kulia. Walipeleka ng'ombe kwenye josho moja, kila mmoja akamwangalia ng'ombe wake kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Kuku wa Gachanja akivuka ua, Guka alimwita mmoja wetu: "Mpelekee mwenye kuku." Jina hakulitaja. Na sisi tulienda, tukakaribishwa uji kule, tukapiga domo. Watoto hawajui mpaka. Tulimsimulia Mzee Gachanja habari zote za Mtaliano, naye alisikiliza akichonga mpini wa jembe.

Halafu Tata Nyambura akapenda.

Tata Nyambura alikuwa dada mdogo wa baba yangu, kitinda mimba wa Guka. Ndiye alitusuka nywele katikati ya magoti yake mpaka macho yakavutika, ndiye alituficha tukivunja kitu. Alikuwa amekataa wanaume wawili wazuri, mmoja ana lori, na watu walishaanza kumnong'ona. Kumbe jibu lilikuwa karibu. Bonde lote hili, kutoka Njoro mpaka Bahati, wanaume wamejaa kama viazi vya msimu, yeye akaona ni Kimani wa Gachanja, wa ng'ambo ya ua.

Guka alipoambiwa hakupiga kelele. Jumamosi hiyo hakuwasha tanuri. Hapo ndipo sisi watoto tulijua mambo ni mazito. Jumamosi iliyofuata, vile vile. Miaka ile msichana akikataliwa hivyo alifunga nguo zake akatorokea kwa mwanamume, na wazee wakaja kuzungumza baadaye mtoto akishazaliwa. Njia ilikuwa wazi na ua haukuwa mrefu. Lakini Tata Nyambura alisimama mbele ya Guka, sisi tukichungulia, akamwambia: "Baba, nitatoka kwa lango lako ukiwa umenifungulia, au sitatoka kabisa. Nitazeekea hapa nikikukandia unga." Na kwa ukaidi wake, ambao haukutoka mbali, tulijua angefanya hivyo.

Guka alikaa na hayo siku kadhaa. Mwishowe akasema: "Waambie waje. Na Gachanja mwenyewe aje."

Nyumba ikalipuka kwa shangwe. Mbuzi wakachinjwa, pombe ya muratina ikatengenezwa, mama yangu akaazima sufuria mpaka kwa maadui. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza Guka alikuwa na maana gani.

Siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wakaja, watu wa Gachanja, wamevaa, wanawake mbele na vikapu. Desturi ninyi mnaijua, hata siku hizi mnaifanya, ila mnaifanyia kamera: lango linafungwa, wageni wanaimba nje kuomba njia, wenyeji wanaimba ndani wakijifanya hawawajui, wanataniana mpaka wachoke, halafu lango linafunguliwa kwa vigelegele. Wanawake wetu walikuwa kwenye ubeti wao wa pili, shangazi mmoja akijimaliza kwa sauti, Guka akatembea polepole na kofia yake ya matundu, akasimama langoni na kuinua mkono. Wimbo ukakatika.

"Gachanja asogee mbele," akasema.

Mzee Gachanja akasogea, na fimbo yake na koti lililopigwa pasi.

"Huyu mtu ananijua," Guka akasema. "Kuna mahali alikuwa akiniita kila asubuhi, na si kwa jina. Lango hili litafunguka akiniita jina langu, mbele ya watoto wangu na wake. Asipoweza, mbuzi wake warudi nao."

Msemaji wao, mzee mnene wa maneno matamu, akajaribu bahati yake: "Wazee wetu walisema mgeni ni baraka..."

"Sikuuliza methali," Guka akamkata.

Nikageuka. Tata Nyambura alipaswa kuwa amefichwa ndani amefunikwa leso na wasichana wenzake, mwanamume achague yupi ni wake. Alikuwa ametoka nje, leso mkononi, kichwa wazi, aibu ya mwaka. Hakuna aliyethubutu kumrudisha. Ng'ambo ya lango Kimani alikuwa ameshika mti wa ua bila kuhisi miiba.

Gachanja hakuinamisha kichwa. Alikuwa mkaidi kama Guka, ndiyo maana labda walichunga pamoja.

"Nitakuita," akasema. "Lakini na mimi nina swali. Hawa wajukuu wako wanavuka ua kila siku kunipa habari za Mtaliano. Mtaliano alijenga hiki, Mtaliano aliimba vile, alikupa mkate kwa waya. Nimemsikia miaka yote hii mpaka namjua. Huyo Mtaliano uliyemlinda, jina lake nani?"

Sisi watoto tukakaribia, tukachangamka. Tulikuwa na hakika Guka atamjibu amnyamazishe. Nakumbuka nilifungua kinywa nimsaidie, mimi niliyeijua hadithi yote kwa moyo, ndipo nikagundua jina sijawahi kulisikia hata siku moja.

Guka akafungua mdomo. Ukabaki wazi.

"Alikuwa Mtaliano," akasema hatimaye.

"Hilo ni kabila. Mimi nimeuliza jina."

"Sisi tulimwita..." Guka akaishia hapo. Akaangalia viatu vyake.

"Mlimwita aje?"

Upepo ulikuwa unapeperusha moshi wa nyama kutoka nyuma ya nyumba. Sijawahi kumwona Guka akiwa mdogo namna ile.

"Namba," akasema. "Ilikuwa amri."

"Ilikuwa amri," Gachanja akarudia. Hakucheka, wala hakukuwa na ushindi usoni mwake. Alionekana amechoka tu.

Walisimama wakiangaliana, wazee wawili, lango katikati, na nadhani wangesimama mpaka leo, maana nani angeanza? Ni Shosho aliyewakatiza: "Amri, amri! Baba Mbugua, nyama inaungua, na mtoto wako amesimama hapo kama nguzo ya simu. Mkate wa huyo mtu umeula maisha yako yote. Fungua lango!"

Guka akageuka akamwona Tata Nyambura. Tata hakusema ila neno moja, "Baba," na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni. Guka akashika komeo. Lilikuwa la mti, alilichonga mwenyewe, na baba yangu alipotaka kumsaidia, Guka akamsukuma. Akafungua.

Mzee Gachanja akakanyaga ndani, akasimama, akaweka fimbo ubavuni.

"Ndirangu wa Mbugua," akaita.

Na Guka, wallahi sitanii, akakakamaa, visigino pamoja, kofia imekaa upande. "Niko!"

Sisi watoto tulipasuka kwa kicheko, mama akatufinya mmoja baada ya mwingine. Kisha nikaona Guka analia, na hafuti machozi, na Gachanja amemshika bega. Wanawake wakadakia wimbo pale ulipokatikia kana kwamba walikuwa wamepumzika tu.

Tata Nyambura aliolewa. Kwa desturi yetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kwa hivyo nyumba moja ikapata Gachanja na Ndirangu, na hao wawili walipigana toka asubuhi mpaka jioni kama walivyotarajiwa. Guka aliendelea kuoka Jumamosi, lakini sasa alikuwa na ugonjwa mpya. Alikaa mbele ya tanuri akilitafuta lile jina. Alimsumbua katekista amtajie watakatifu wote, akisikiliza kama kuna moja litakalogonga. Antonio? Hapana. Yosefu? Labda. Petro? Aa. Siku moja aliniambia, "Wairimu wa Mbugua, naikumbuka mikono yake. Naikumbuka sauti. Mimi sikuuliza, basi." Akapindua mkate, ulikuwa umeungua chini.

Tata alipozaa mvulana wa tatu, zamu ya jina ilikuwa ya kaka yake Kimani. Guka akavuka ua mwenyewe, kwa miguu yake, akaenda kwa Gachanja kumwomba hiyo zamu. Kaka yake Kimani alinuna mpaka kifo. Mtoto akaitwa Mtaliano.

Mtaliano wa Kimani yupo, mtu mzima, ana lori mbili zinalala Salgaa, na kila ofisi anayoingia wanamuuliza kama hilo ni jina ama ni utani. Guka alikufa, Gachanja akamfuata kabla mwaka haujaisha, asije akamkosa wa kununiana naye. Tanuri lilibomolewa tukajenga vyumba vya kupangisha. Kaiyaba iling'olewa. Nami nikahamia mjini Nakuru, kwenye mtaa wa watu waliofanikiwa, na mafanikio tunayajua kwa ukuta: mrefu, na juu yake seng'enge za wembe zinazometameta. Guka aliwekwa ndani ya waya kwa nguvu. Sisi tunauchangia kila mwezi na tukichelewa tunatozwa faini.

Mwezi jana alinitembelea binti wa Mtaliano, Nyambura mdogo, yuko chuo, jina la nyanya yake amelikata likawa Nyambu, langu amelikata likawa Tata Wairish. Nilimpa chai, nikamsimulia yote haya, naye akasikiliza kwa jicho moja, lingine liko kwa simu. Nilipomaliza akauliza kwa nini tusimtafute huyo Mtaliano kwa mtandao. Akaandika. Mtandao ukamletea picha za piza.

"Kwani Guka hakumuuliza jina?" akaniuliza. "Miaka yote hiyo? Si ni kuuliza tu?"

"Alikuwa nje ya waya," nikamwambia. "Ukiwa nje haikujii."

Akatingisha kichwa kwa kusikitikia watu wa zamani, tulivyokuwa wajinga. Akanikumbatia, akabeba mfuko wake wa parachichi, nami nikabaki barazani nikimwangalia akiteremka kuelekea lango kubwa la mtaa. Lilikuwa limefungwa, na mlinzi alikuwa ndani ya kibanda chake, amejikunyata na redio.

"Soja!" akapaza sauti. "Soja, fungulia!"

Nikasimama nimgombeze. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba katika ukoo wetu mtu huitwa jina lake, kwamba yule ni fulani wa fulani, ananifungulia lango asubuhi na jioni toka nihamie hapa, na mwaka uliopita alinibebea gesi mpaka jikoni.

Mdomo ukabaki wazi. Nikavaa sandali zangu, nikashuka kwenda kumuuliza.